Hifadhidata ya GnuCash inapogoma: dalili, visababishi na mahali pa kusimama

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye maduka, vyama na mashirika madogo kuanzia Kisumu hadi Kakamega huanza na sentensi moja: "Hifadhidata imeharibika." Mara nyingi haijaharibika. Kilichotokea ni kwamba vitabu vya hesabu viliwekwa katika hifadhi isiyolingana na jinsi watu wanavyofanya kazi, na siku moja tofauti hiyo ikajitokeza. Mwongozo huu unafuata dalili kama zinavyoripotiwa, ukianza kila mara na kisababishi kinachotokea sana na ukaguzi usiohitaji ujuzi wa ndani. Umeandikwa kwa ajili ya GnuCash hasa, kwa kuwa ndiyo programu huria ya uhasibu ninayoikuta mara nyingi, ingawa baadhi ya mambo yanagusa programu nyingine pia.

GnuCash inaweza kuhifadhi vitabu vyako kwa njia nne: faili la XML, ambalo ndilo chaguo lake la kawaida na ambalo hubanwa ili lipunguze nafasi, faili la SQLite, yaani hifadhidata nzima ndani ya faili moja, seva ya MySQL au ndugu yake MariaDB, na seva ya PostgreSQL. Kuna jambo moja ambalo lazima lieleweke kabla ya mengine yote, kwa sababu karibu nusu ya dalili zilizo hapa chini zinatokana nalo. Vyovyote utakavyochagua, GnuCash husoma kitabu kizima na kukiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kufungua, kisha hufanya kazi ikiamini kwamba hakuna mtu mwingine anayekiandika. Kuhamia kwenye seva hakuigeuzi kuwa programu ya watu wengi.

Kabla ya kugusa chochote, funga programu na unakili folda yote, si faili la hesabu peke yake, kwenye flashi au diski nyingine. Mafaili madogo yaliyo pembeni yake, ambayo wengi huyafuta wakidhani ni takataka, ndiyo yaliyoniokoa mara kadhaa.

Dalili: programu inasema kitabu kimefungwa na mtu mwingine

Kisababishi cha kawaida kabisa ni stima kupotea, au kompyuta kuzimwa kabla programu haijafungwa. GnuCash ikifungua faili la XML huacha kando yake faili dogo lenye mwisho wa .LCK, na pengine jingine la .LNK, ili kuwajulisha wengine kwamba kitabu kinatumika. Inapofungwa vizuri huyaondoa, lakini stima ikikatika yanabaki hapo. Kwenye SQLite na kwenye seva, alama hiyo ni mstari katika jedwali liitwalo gnclock, wenye jina la kompyuta iliyofungua.

Ukaguzi wa kwanza haufanywi kwenye skrini. Inuka uende uwaulize wenzako mmoja mmoja kama kuna aliyefungua vitabu, ukiangalia pia ile laptop ambayo mwenyewe hupenda kuifunika bila kuizima na kwenda nayo nyumbani. Ukishathibitisha kwamba hakuna, ni salama kubonyeza kitufe cha kufungua hata hivyo. Usipothibitisha, unaingia moja kwa moja kwenye dalili inayofuata.

Kisababishi cha pili ni kwamba kweli kuna mtu. Cha tatu, ambacho hutokea zaidi kwenye folda za mtandao wa ndani, ni kwamba huna ruhusa ya kuandika ndani ya folda, na programu ikishindwa kuweka kufuli lake huonyesha ujumbe unaokaribiana na huo. Jaribu kuunda faili tupu la maandishi ndani ya folda hiyo. Likikataa, tatizo ni la ruhusa, wala si la hesabu.

Dalili: miamala iliyoandikwa jana haionekani leo

Hii ndiyo dalili inayoniumiza zaidi, kwa sababu mwenye kuandika hutuhumiwa uzembe, hata wizi, ilhali aliandika.

Nilikaa siku nzima katika duka moja la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye nikiitafuta miamala ya Ijumaa. Karani alikuwa na risiti zote kwenye kisanduku cha bati, amezipanga kwa saa, na kila moja ameitia alama ya kalamu nyekundu kuonyesha kwamba ameiingiza. Katika kitabu hakukuwa na hata moja baada ya saa nne asubuhi. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kumtazama karani kwa jicho lingine. Ndani ya folda iliyoshirikiwa nikakuta nakala zenye tarehe na saa katika majina yake, ambazo GnuCash huziacha kila inapohifadhi faili la XML. Nikafungua ile ya saa kumi jioni. Miamala ilikuwamo yote. Kumbe mwenye duka mwenyewe alikuwa amefungua kitabu asubuhi kutoka kompyuta ya ofisini, akakutana na ujumbe wa kufuli, akabonyeza kufungua hata hivyo, akaacha kitabu wazi mchana kutwa, na jioni akasahihisha jina moja la akaunti na kuhifadhi. Programu yake iliandika faili zima upya kulingana na ilichokuwa nacho kwenye kumbukumbu tangu asubuhi. Kazi ya karani ikafunikwa.

Kwa hiyo, kisababishi cha kwanza ni watu wawili kufungua kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Kwenye XML, anayehifadhi mwisho hufunika faili zima. Kwenye SQLite au seva, madhara ni ya siri zaidi: kila muamala huandikwa mara tu unapothibitishwa, hivyo kazi ya wote wawili inaweza kuwemo, lakini hakuna anayeona ya mwenzake mpaka afunge na kufungua upya, na wakirekebisha muamala mmoja, wa mwisho humshinda wa kwanza bila onyo lolote. Ndiyo maana simshauri mtu ahamie PostgreSQL kwa tumaini kwamba makarani wawili wataweza kuandika pamoja katika GnuCash.

Kisababishi cha pili ni kufungua nakala isiyo sahihi. Angalia orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, usome njia nzima hadi kwenye faili. Mara nyingi utaona kwamba mtu amekuwa akiandika kwenye nakala ya akiba yenye tarehe katika jina lake. Kisababishi cha tatu ni kufunga bila kuhifadhi, jambo linalowezekana kwenye XML pekee, kwa kuwa hifadhi nyingine hazina hatua ya kuhifadhi.

Ikiwa unatumia XML, marekebisho huanza na nakala zenye tarehe, kisha na mafaili ya .log, ambayo hurekodi kila badiliko la kila kikao. Katika menyu ya kuingiza data kuna njia ya kuyacheza upya mafaili hayo juu ya kitabu cha mwanzo wa kikao husika. Fanya hivyo kwenye nakala, kisha linganisha na risiti. Fahamu kwamba programu huyafuta yenyewe mafaili haya ya zamani, na kwa mpangilio wake wa kawaida huyaweka kwa siku 30. Ukigundua upotevu baada ya miezi miwili, huenda hakuna kilichobaki. Kwa wanaotumia SQLite, nakala hizi zenye tarehe hazitengenezwi kabisa, na huo ndio upungufu ambao watu huuona wakiwa wamechelewa. Anayehamia SQLite lazima ajipangie nakala yake ya kila jioni.

Ikiwa biashara inahitaji watu wawili au zaidi waandike kwa wakati mmoja, dawa ni kubadilisha programu yenyewe. LedgerSMB na Odoo hutumia PostgreSQL pekee, FrontAccounting hutumia MySQL au MariaDB, nayo Dolibarr hukubali MySQL, MariaDB au PostgreSQL. Zote hufunguliwa kwa kivinjari na zimeundwa tangu mwanzo kwa watumiaji wengi. Kwa maoni yangu, swali la hifadhidata huja baada ya swali la watu wangapi wanaandika, na mara nyingi jibu la swali la hifadhidata huletwa na programu uliyoichagua. Iwapo anayeandika ni mmoja tu, baki na GnuCash na faili lake la XML.

Simama hapa na umwite mtaalamu ikiwa matoleo mawili ya kitabu yanatofautiana na tayari umeshawasilisha ripoti ya kodi ya VAT ya mwezi huo. Kuunganisha vitabu viwili kwa mkono baada ya tarehe 20, huku kimoja kikiwa ndicho KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inachokijua, ni kazi ya mhasibu na fundi wakiwa wamekaa meza moja.

Dalili: kufungua kunachukua dakika nyingi, au programu inaganda ghafla

Kama kuganda kunatokea kila baada ya dakika chache, hilo ni hifadhi ya kujiendesha ya XML, ambayo huandika faili zima kila dakika 5 usipobadilisha. Ongeza muda huo, ila usiuzime mahali ambapo stima si ya kutegemea. Kama ugumu uko kwenye kufungua, funga kwanza vichupo vya ripoti ulivyoviacha wazi, maana programu huzikokotoa upya kila inapoanza. Halafu nakili kitabu kwenye diski ya kompyuta yenyewe na ujaribu kukifungua kutoka hapo. Kikifunguka upesi, lawama ni ya folda ya mtandao au Wi-Fi. Programu ya kupambana na virusi inayokagua kila faili linaloandikwa nayo huchelewesha.

Ukubwa wa kitabu huja mwisho kabisa. Hapa watu huvunjika moyo wakihamia seva, kwa kuwa seva haipunguzi muda wa kufungua: kitabu kizima bado lazima kisomwe, na sasa kinapitia kwenye waya. Kinachoharakishwa ni kuhifadhi tu.

Dalili: GnuCash haiwezi kuunganishwa na seva

Tuseme ilikuwa inafanya kazi jana. Stima ilipotea usiku, ikarudi, na asubuhi haifanyi. Anza na anwani. Ruta nyingi za dukani hugawa anwani upya zinapowaka, na kompyuta yenye seva huamka ikiwa na nambari nyingine, huku GnuCash ikiendelea kuitafuta ile ya zamani. Soma anwani ya sasa kwenye kompyuta ya seva, ulinganishe, kisha uingie kwenye ruta uiwekee seva anwani ya kudumu ili jambo hili lisijirudie. Ikiwa anwani ni ileile, hakikisha huduma ya hifadhidata imewaka. Huenda ilishindwa kuanza kwa sababu diski imejaa, na hilo hukaguliwa kwa dakika moja.

Kama haijawahi kufanya kazi hata mara moja, visababishi ni vingine. Kwenye Linux, viunganishi vya hifadhidata huja katika vifurushi vya pembeni, na kwenye Debian na Ubuntu majina yake ni libdbd-sqlite3, libdbd-mysql na libdbd-pgsql. Pasipo kifurushi husika, chaguo lenyewe halionekani katika orodha wakati wa kuhifadhi. Baada ya hapo angalia mlango, yaani nambari ambayo seva hupokelea miunganisho ya mtandao: MySQL husikiliza 3306 na PostgreSQL 5432. PostgreSQL iliyosakinishwa bila kubadilishwa husikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Lazima ubadilishe mpangilio wake uitwao listen_addresses, kisha uongeze mstari katika faili la pg_hba.conf unaoruhusu anwani za mtandao wako wa ndani. Watu hubadilisha la kwanza na kusahau la pili. Kwa upande wa MySQL, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018, watumiaji wapya hupewa njia ya uthibitisho iitwayo caching_sha2_password, ambayo maktaba za zamani haziielewi. Nenosiri linaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukakataliwa. Sasisha kiunganishi kabla hujaanza kulegeza usalama wa seva.

Usifungue milango hiyo kwenye intaneti ili mwenye biashara aliye Nakuru asome hesabu za tawi la Kisumu. Nimewahi kuikuta imefunguliwa hivyo, na nenosiri lilikuwa jina la duka. Anayehitaji kusoma kutoka mbali atumiwe ripoti, au fundi amwekee njia ya siri ya mtandao iliyofungwa.

Kuna kisababishi adimu lakini cha hatari. Baada ya kusasisha mfumo wa kompyuta, PostgreSQL inaweza kukataa kuanza ikisema kwamba data ilitengenezwa na toleo kuu la zamani. Data haijapotea, lakini haisomeki na toleo jipya mpaka ihamishwe kwa zana yake ya pg_upgrade, au itolewe kwa toleo la zamani na kurejeshwa. Usifute folda ya data "ili ianze upya". Hapa simama umwite mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Dalili: ripoti uliyojitengenezea haikubaliani na GnuCash

Hii huwapata waliohamia SQLite au seva, ambazo huulizwa kwa lugha ya SQL, kwa sababu nzuri, yaani kutaka kuandika maulizo yao wenyewe. Ni sababu ninayoiunga mkono, mradi maulizo yawe ya kusoma tu.

Kama jumla ni kubwa mno, kumbuka kwamba GnuCash haihifadhi kiasi kama nambari ya desimali. Huhifadhi sehemu mbili, value_num na value_denom. Shilingi 1,250.50 ni 125050 juu ya 100. Aliyejumlisha safu ya kwanza pekee amejumlisha senti. Tena safu ya pili si 100 kila mahali, hivyo gawanya kila mstari kwa nambari yake kabla ya kujumlisha, na ufanye hivyo kwa aina ya nambari isiyopoteza usahihi, si ile ya kuelea.

Kama tofauti ni senti chache, hifadhidata haihusiki. Ni ukadiriaji wa VAT. Bidhaa ya shilingi 100 iliyojumuisha VAT ya asilimia 16 ina kodi ya 13.79, na tatu za namna hiyo zinatoa 41.37, lakini ukikokotoa kodi juu ya 300 kwa pamoja unapata 41.38. Amua kama unakokotoa kwa mstari au kwa ankara nzima, kisha ushike njia hiyo kila mwezi.

Kama muamala wa tarehe mosi unaonekana mwezi uliopita, tatizo ni saa. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya UTC, na matoleo ya zamani yalihifadhi tarehe kama saa sita kamili ya usiku kwa saa za mahali, ambayo kwa UTC ni saa 21:00 ya siku iliyotangulia. Matoleo ya baadaye huandika 10:59 ya UTC, ili tarehe isiyumbe karibu popote duniani. Kitabu kilichoishi miaka mingi kinaweza kuwa na mitindo yote miwili, kwa hiyo ulizo lako liongeze saa tatu kabla ya kukata tarehe. Kwa 10:59 nyongeza hiyo haina madhara.

Ukishaona kosa, usilisahihishe ndani ya majedwali kwa amri ya SQL. Kila muamala una mistari yake katika jedwali la splits, na jumla ya mistari hiyo lazima iwe sifuri. Mkono mmoja ukiteleza, urari unavunjika mahali ambapo programu haitakuonyesha. Sahihisha ndani ya GnuCash.

Dalili: majina yenye ng' yanaonekana kwa herufi za ajabu

Ukiona â€™ katikati ya jina la mteja, kibainishi kilichopinda kilihifadhiwa kwa UTF-8, mojawapo ya njia za kusimba herufi, kikasomwa kwa usimbaji mwingine, kwa kawaida wakati wa kuingiza faili la CSV. Ingiza upya ukichagua UTF-8, na kwenye MySQL tengeneza hifadhidata kwa utf8mb4. Angalia pia kama mteja mmoja amekuwa wawili, mmoja akiwa na kibainishi kilichonyooka na mwingine kilichopinda. Huku kwetu, ambako majina hayo yamejaa kila ukurasa wa leja, madeni ya mtu mmoja hugawanyika namna hiyo.

Dalili: kitabu hakifunguki kabisa baada ya stima kukatika

Huku kando ya ziwa, radi za alasiri huangusha stima bila kubisha hodi, na dalili hii huja zaidi msimu wa mvua.

Kwenye XML, jaribu nakala ya mwisho yenye tarehe, kisha cheza .log. Kwa kawaida inatosha. Kwenye SQLite, tazama kama kuna faili lenye jina lilelile likiishia na -journal. Usilifute na usilitenganishe na mwenzake, maana lina habari za kurudisha kitabu kwenye hali yake ya mwisho iliyo nzima. Fungua tena kitabu kikiwa nalo na mara nyingi kitajiponya. Kisipofunguka, chukua nakala ya vyote viwili, na kwenye nakala hiyo tekeleza PRAGMA integrity_check kwa zana ya sqlite3. Jibu likiwa "ok", kasoro iko kwingine. Likiwa kitu kingine chochote, simama. Amri ya .recover inaweza kuokoa mengi, lakini hurudisha mistari bila kujua kama hesabu zinaoana, na lazima mtu anayejua uhasibu apitie matokeo.

Kwenye MySQL au MariaDB, ukiambiwa kwamba jedwali limeharibika na linahitaji ukarabati, angalia aina ya majedwali. Yakiwa MyISAM, yametoka kwenye usakinishaji wa kale, kwani InnoDB imekuwa chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010. MyISAM haina ulinzi wa miamala na haifai kubeba hesabu za fedha. Baada ya kuokoa data, hamia InnoDB siku hiyohiyo.

Zima kompyuta na usijaribu lolote zaidi ikiwa diski inatoa sauti ya kugonga, ikiwa nakala uliyoichukua nayo inakataa kusomeka, au ikiwa seva inaanza na kuzimika yenyewe mara kwa mara. Kila jaribio la kuiwasha tena huweza kuandika juu ya kile ambacho fundi angekiokoa. Utakapompigia, mwambie toleo la GnuCash, aina ya hifadhi, ujumbe wa kosa neno kwa neno au picha yake, saa ambayo stima ilikatika, na kila ulichojaribu tangu hapo, hata kile unachoona aibu kukitaja. Mkabidhi nakala, na ile flashi ya kwanza kabisa ubaki nayo wewe.